Kushoto kwa Mvaaji

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotuondokea ukiwa na neno ambalo hatukulisikia. Ni mimi, binti yako wa kwanza, ninayekuandikia humu gazetini kwa niaba ya nyumba nzima. Wenzangu walisema mwalimu ni mimi, basi kalamu ni yangu. Ningefurahi kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Ulikuwa fundi wa sare. Miaka arobaini ulisimama kwenye meza ya tatu kutoka mlangoni, chumba cha kukatia, chaki sikioni na futi ya kupimia shingoni. Uliwavisha wapiga tarumbeta, makondakta wa treni, walinzi wa mahoteli na wabeba mizigo. Walipita barabarani wamenyooka, wanang'aa vifungo, nawe ukitembea pembeni yao na shati lako la kijivu lililojaa pini kwenye ukosi. Mama alisema kukukumbatia wewe kulihitaji ujasiri.

Kila koti la mlinzi uliliwekea mfuko wa ndani ambao haukuwa kwenye mchoro, wa kutosha kipande cha mkate. Msimamizi alikukaripia, ukaitikia vizuri, ukaendelea kuuweka. Siku ya mazishi walikuja walinzi watano tusiowajua. Mmoja alitufungulia koti lake akatuonyesha mfuko, akalifunga.

Mfalme aliingia maishani mwako kupitia ukosi. Ulikuwa bado unajifunza kazi, msimamizi akakupa ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la zamani, picha ya mfalme wa ng'ambo amesimama na mavazi yake yote ya heshima, akakwambia unakili darizi ya ukosi kwa ajili ya sare za bendi. Ukanakili. Kisha macho yakateremka kifuani, ukahesabu nishani kumi na moja. Mwaka uliofuata ukamwona yuleyule kwenye stempu, ana kumi na mbili. Ulitusimulia mara nyingi jinsi swali hilo lilivyokukwama kooni kama mwiba wa samaki. Ya kumi na mbili kaipata wapi?

Basi ukaanza kumkusanya. Kwenye stempu, kwenye kalenda, kwenye vifuniko vya mikebe ya biskuti, kwenye sinia moja lililokwanguka rangi, na kwenye kadi za posta ulizoletewa na makondakta uliowashonea. Akiwa bustanini na wajukuu zake hukumtaka. Akiwa na koti la mvua hukumtaka. Ulimtaka na nishani zake tu. Picha mia mbili na kumi na nne, albamu nne, na chini ya kila moja mwandiko wako mdogo wa penseli: hapa kavaa mshipi wa buluu, kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto; hapa nyota ya pili imeongezwa; hapa kavaa mkufu wa daraja la juu, ndiyo maana mshipi kauvua. Ulijua mwaka aliopata kila nishani, na hukuwahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya hata mtoto mmoja.

Majirani wakakuita Mkwe wa Mfalme. Kwa hiyo Mama akawa Binti Mfalme, na watoto wa mtaani walimwamkia hivyo wakichekacheka. Mama aliwajibu kwamba hajasikia bado binti mfalme anayepiga deki mwenyewe. Lakini jina alilipenda, tulimwona.

Wageni walikuuliza una nini na mtu asiye wa kwenu, asiye wa dini yenu wala wa ukoo wenu. Ulisema humpendi wala humchukii. Ulisema tu kwamba ni mtu ambaye kila alichotunukiwa kimeshonwa mahali pake, na kwamba vitu vya namna hiyo duniani ni vichache.

Jumapili mchana tulikaa sakafuni, mimi na gundi, mdogo wangu na mkasi. Ulitutolea picha mpya ukauliza nishani ziko upande gani. Tulisema kulia, maana kwetu tuliotazama zilikuwa kulia. Ulicheka, ukatushika mabega, ukatugeuza tukaipa picha mgongo kana kwamba sisi ndio mfalme, ukatugusa kifua. "Kushoto kwa mvaaji," ulisema, "si kwa mtazamaji. Nguo ni ya anayeivaa." Ulituambia hivyo kila Jumapili mpaka tukawa tunakusemea kabla hujafungua mdomo.

Halafu nikasoma, nikaajiriwa, nikajiona. Siku moja mbele ya walimu wenzangu waliokuja kututembelea nilikwambia, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, asiyekujua hakuthamini, Baba, na huyo mfalme wako hakujui. Ulikuwa unabandika stempu. Hukuinua kichwa. "Mimi namjua," ulisema. "Inatosha." Wageni walicheka, nikadhani nimeshinda. Tangu siku hiyo sikushika tena gundi, nawe hukuniita.

Ulikuwa na miezi miwili tu tangu kustaafu kiharusi kilipokukuta. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukalegea upande huohuo, na maneno yote yakaondoka. Ulibaki na mkono wa kushoto na macho. Tulijifunza kusoma macho yako kidogokidogo: maji, dirisha, nigeuzeni. Tulijisifu kwamba tunakuelewa.

Ndipo kiwanda kikakukumbuka. Karani alikuja nyumbani na kiboksi, ndani yake nishani ya shaba yenye utepe mwekundu, ya utumishi wa miaka arobaini. Alikuja pia na mpiga picha. Tulikuwa tumekuvisha koti jeusi ulilojishonea mwenyewe, tukakuketisha karibu na dirisha, Mama akakuchana nywele. Baada ya kutazama nishani za mtu mwingine maisha yako yote, hii ilikuwa ya kwanza kuwa yako. Karani alisoma hotuba yake, akamalizia na chanda chema huvikwa pete, akanipa mimi kiboksi, binti mkubwa, nikuvishe. Nikafurahi kupewa heshima hiyo. Nilidhani nalipia ile siku ya stempu.

Nikakuinamia, uso kwa uso. "Weka kushoto, dada," alisema mpiga picha nyuma yangu. Nikaweka kushoto. Kushoto kwangu.

Picha ikapigwa. Karani hajafunga hata mkoba wake, ukaanza. Mkono wako mzima uliupeleka kifuani, upande wa kushoto, ukapigapiga pale palipokuwa patupu. Kisha ukauvusha hadi kwenye nishani, ukauvuta utepe. Kisha ukaurudisha kushoto. Ukanitazama mimi, na Mama alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Karani alisema unaionea fahari. Mdogo wangu alisema unashukuru. Ukapiga kwa nguvu zaidi, sauti ikakutoka, machozi yakakutoka.

"Ni moyo," nilisema mimi. "Moyo unamuuma. Mwiteni muuguzi."

Muuguzi anakaa nyumba ya tatu, hakuchelewa. Akakuchoma sindano ya kukutuliza. Mkono ukalegea, ukateremka taratibu mpaka kwenye goti, nawe ukanitazama mpaka macho yakafumbika. Siku mbili baadaye ulituacha, bila kuuinua tena. Tukakuzika na koti lile, nishani ikiwa palepale nilipoibana.

Mama alibaki na kitu kimoja cha kushikilia. Kila aliyekuja kutupa pole alimwambia, "Maneno yalimwisha, lakini alinionyesha moyo wake. Aliniaga." Alilisema hilo huku akijipigapiga kifua upande wa kushoto kama ulivyofanya wewe. Akishalisema, aliweza kula.

Mwezi wa tano nilichukua albamu zako kuzifuta vumbi. Katika ya tatu, ukurasa wa mwisho, kulikuwa na picha ambayo sikuwahi kuiona, uliyoibandika baada ya mimi kuacha gundi. Mfalme amesimama kama kawaida yake, ila nishani zote ziko kulia kwa mwili wake. Chini yake uliandika: "Picha imegeuzwa. Tazama vifungo vya koti. Aliyekosea ni mchapaji. Mfalme hana kosa."

Niliisoma mara tatu. Kisha nikainuka, nikaenda ukutani kwenye picha yako ya mwisho, nikaipa mgongo kama ulivyotufundisha, nikajigusa kifua. Nishani yako nilikuwa nimeibana kulia kwako. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu yalikuja kinyume kwelikweli.

Hukuwa na maumivu, Baba. Ulikuwa unasema. Ulikuwa unasema neno ulilotuambia kila Jumapili, na katika dunia nzima wanaolijua ni watoto wako tu, na aliyesimama mbele yako alikuwa mwanao mkubwa, na yeye ndiye aliyeagiza unyamazishwe.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilijiuliza nani anamnyang'anya mjane kitu cha pekee alichoachiwa. Lakini kila Mama alipomwambia mgeni kwamba ulimuaga, na mkono wake ukaenda kifuani, nilikuona wewe tena pale kwenye kiti, unapiga, na sisi tunakubadilishia maneno. Nikashindwa. Nikamwambia.

Alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kuliko shuka inavyokunjwa.

"Basi hakuwa ananiaga," alisema.

Nikasema sijui, Mama, huenda ni yote mawili. Akaniambia nisimpambie. "Namjua mume wangu. Kitu kikikaa vibaya kwenye nguo, haoni kingine." Akaiweka shuka kabatini. Tangu siku hiyo wageni wakija anawapa kiti, anawauliza habari za kwao, na mkono wake unakaa mapajani.

Ilipokaribia siku hii nilitafuta pa kutengenezea. Kaburini hapatengenezeki. Nikaipeleka picha yako kwa mpiga picha yuleyule, nikamwomba aigeuze ili humu gazetini angalau uonekane sawa. Alisema ni jambo dogo, akabonyeza mara moja, na nishani ikahamia kushoto kwako. Nilitembea nayo hadi nyumbani nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Mama alivaa miwani. Aliitazama muda mrefu. Mdomo wako uliolegea kulia sasa ulikuwa umelegea kushoto. Baka lililo chini ya jicho lako lilikuwa limehama. Na koti lako, ulilolishona kwa mikono yako, lilikuwa limefungwa kike, kulia juu ya kushoto. Wewe ndiye uliyetuambia tutazame vifungo.

"Huyu simjui," alisema Mama, akanirudishia. "Mrudishe kama tulivyomfanya."

Kwa hiyo picha iliyo juu ya maneno haya haikugeuzwa. Atakayeitazama ataona nishani mahali pasipo pake. Akiwa na macho mazuri ataona pia ukungu kidogo karibu na goti lako la kushoto. Mwaka mzima nilidhani picha ilitikisika. Ni mkono wako, Baba, ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Niliandika maelezo chini yake kwa penseli, kwa mwandiko mdogo, kama ulivyofanya wewe: "Aliyekosea ni binti. Mvaaji hana kosa." Nikampa Mama asome kabla sijapeleka gazetini. Akaomba penseli. Akayakata maneno ya kwanza, akaandika juu yake kwa herufi zake kubwa: "Tuliokosea ni sisi." Akanirudishia karatasi bila kunitazama, akaenda kuchukua ndoo yake ya deki.

Albamu ya nne ilikuwa na kurasa tatu tupu. Ya kwanza kati ya hizo sasa ina picha ya mia mbili na kumi na tano. Niliibandika mimi mwenyewe, Jumapili mchana, sakafuni. Mdogo wangu alishika mkasi ingawa hakukuwa na cha kukata.

Unakumbukwa na mke wako, Binti Mfalme. Na mimi niliyeacha gundi. Na mdogo wangu, fundi wa magari, ambaye mpaka leo hufunga vifungo vyake mara mbili akiangalia. Na kitinda mimba wako, ambaye siku ile alikuwa safarini na bado anatuuliza ilikuwaje. Na dada yako. Na wajukuu wako wanne, wanaojua kushoto kwao. Na mafundi wenzako wa chumba cha kukatia, walioiacha meza ya tatu bila mtu mpaka msimamizi alipowakemea. Na walinzi watano.

Daima tutakukumbuka upande wa kushoto, Baba. Kushoto kwako.