Kiboko wa Afande

Dada Zaina, salamu kutoka Jinja, ambako samaki wa kukaanga wa Masese wananinenepesha.

Kwenye mashindano yetu ya kuchora wanyama, sisi tunaojitolea kulinda mazingira, niliketi na afande mmoja mstaafu wa kambi ya jeshi ya Kimaka. Alichora kiboko.

"Huyu alipindua mtumbwi wetu," aliniambia. "Tangu siku ile mimi siingii majini."

Pongo niliyemchora mimi hakupata kitu, lakini kiboko wake akashinda! Zawadi yenyewe ni mshindi kwenda na mwenzake kutazama viboko kwa mtumbwi. Nilidhani atakataa. Akaniuliza polepole, "Binti, utakaa karibu na mimi?"

Leo asubuhi tumekwenda. Alinishika mkono njia nzima, na kiboko alipopiga mwayo, mzee akacheka mpaka machozi.

Nibusie watoto wote hapo Namakwekwe.

Mdogo wako,
Safina