Bibi Fagio Harudishi Ngumi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama kifua bado kinakusumbua kwa baridi ya humo ghalani, basi zikukute umevaa sweta. Sisi huku hatujambo. Mama anashona kama kawaida. Mimi bado nipo kwenye karakana ya mabango, nakata herufi na kuchanganya rangi, na bosi bado anaamini kila tangazo lazima liwe jekundu. Anayepungua nyumbani ni wewe tu. Hilo unalijua, lakini acha nilitaje.

Uliniuliza nalionaje lile gemu la ngumi lililotokana na anime yetu, ile katuni ya Kijapani ya utotoni. Uliuliza kwa ujumbe mfupi wa simu, nami nimeshindwa kujibu kwa ufupi. Isitoshe, ujumbe wa simu unausoma huku umebeba boksi, unajibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Nitafuata desturi yetu ya tangu utotoni: kasoro kwanza, sifa baadaye, maana ulikuwa ukisema anayeanza na sifa ana kitu anataka kukuuzia.

Basi nianze na hadithi. Wameiparaza! Ule msimu mzima wa mwalimu kuugua, ambao mimi na wewe tulilia tukasingizia vitunguu, humu umekuwa picha chache zilizosimama na maandishi chini yake. Mtu ambaye hakuitazama anime hatajua hawa watu wanagombania nini, ataona wendawazimu wenye nywele za ajabu wanatupiana moto. Na wapiganaji wenyewe ni haba. Ukiwachunguza, nusu yao ni yule shujaa wako, Mwenye Kitambaa: Mwenye Kitambaa akiwa mtoto, Mwenye Kitambaa akiwa na hasira, Mwenye Kitambaa aliyeota mvi. Najua kwako wewe hiyo si kasoro.

Halafu picha inavyozunguka. Mkibanana ukutani, lile jitu la chuma linaziba kioo chote kwa mgongo wake, unapigwa usijue anayekupiga ni nani. Nimewahi kupoteza raundi nzima nikitazama mgongo. Tena kitufe kimoja tu kinatosha kukutolea ngumi, teke, mruko na moto juu yake, kwa hiyo anayejua na asiyejua wanaanza wakiwa sawa, na sisi tuliojifunza kwa jasho tunabaki na wivu. Hapo sijaamua kama ni kasoro au ni huruma ya waliolitengeneza.

Sasa sifa. Mchoro, kaka, mchoro! Mimi naishi kwa mistari, na nakwambia hawa watu mstari wanaujua. Mwili ukigeuka, wino unanenepa upande wa kivuli na kukonda upande wa mwanga, na kivuli chenyewe kimekatwa safi, hakikupakazwa. Pigo kubwa likitua, kila kitu kinasimama kidogo ndipo mtu anarushwa. Nimelisimamisha gemu mara nyingi ili nitazame tu. Hata vitu vidogo wamevitunza. Mwenye Kitambaa akishindwa raundi anakaza fundo la kitambaa chake kwa meno, vilevile kama zamani. Nilipoliona hilo nilikuona wewe na vile vipande vya hariri ya mteja wa mama ulivyojifunga mkononi, na kelele zilizofuata.

Sauti nazo ni zilezile, ila safari hii kuna tafsiri chini ya picha, na humo ndimo nilimogundua uongo wako. Tulipokuwa tukitazama bila kuelewa hata neno, wewe ulijifanya mkalimani, nami nikaamini. Kumbe Bibi Fagio, yule mpiganaji mzee wa fagio, hakuwahi kumwuliza adui yake nani kamaliza sukari! Kumbe Mwenye Kitambaa anapoaga kwao anasema mambo ya heshima na wajibu, wala hamwahidi mdogo wake biskuti. Nilicheka peke yangu sebuleni, halafu kicheko kikaniishia. Nikaizima ile tafsiri. Yako ilikuwa nzuri zaidi, na siku hiyo nilikukumbuka mpaka chai ikapoa mbele yangu.

Lakini sifa iliyozizidi zote ni kwamba mtu aliye mbali unamkuta humo humo. Wewe uko huko, sisi tuko huku, na bado mnakutana kwenye ua mmoja, mnatazamana. Kila jioni ukitoka kazini mwaliko wako unalia hapa nyumbani. Kweli humo hamna kuongea, kuna vineno vya kubonyeza tu, lakini ni afadhali kuliko ukuta.

Najua umenilalamikia. Umesema nimebadilika, nimemwacha Binti wa Radi niliyekuwa nikikutoa jasho naye, nimemchukua Bibi Fagio, mzito kuliko wote. Umesema nainua fagio kujikinga tu, sirushi hata ngumi moja, mpaka unaniangusha. Umeniita mwoga, ukasema nimezeeka kabla ya wakati wangu. Nimeyameza yote hayo bila kujibu, nawe unajua mimi si mtu wa kumeza.

Kaka, si mimi. Tangu karakana waniweke zamu ya mchana narudi giza limeshaingia. Huyo unayepigana naye jioni ni mama.

Ilianza kabla ya zamu hiyo, siku moja mwaliko wako ulipolia nikiwa nafua. Mikono ilikuwa na povu, nikamwomba mama ashike padi ya kuchezea, abonyeze kitufe cha kujikinga asiuawe kabla sijafika. Bibi Fagio alimchagua mwenyewe, akasema angalau huyo anaonekana ana kazi ya kufanya. Nilipokuja nikifuta mikono akakataa kuniachia. Aliniuliza tu kama yule wa kitambaa ndiye wewe, nikamwambia ndiye. Kesho yake nilimkuta ameweka kiti mbele ya televisheni kabla ya wakati, na miwani ya kushonea puani.

Nimemfundisha kitufe cha ngumi. Si kwamba hakijui. Nilipomshikilia akitumie alinitazama kana kwamba nimemtukana, akaniambia kwamba maneno aliyokupiga nayo siku ile mlangoni yanatosha, haongezi pigo jingine. Kwa hiyo anajikinga, unamwangusha, anabonyeza kile kineno cha "Tena". Ndicho pekee alichotaka kukijua.

Siku ile mlangoni nami nilikuwepo. Ulikataa cherehani za marehemu baba, naye akakwambia uende, na usimpigie simu mpaka uwe mtu. Hasira hasara. Wewe umeyashika maneno hayo kama sheria, unangoja uwe mtu, na sijui utajuaje kwamba umeshakuwa. Yeye naye anaona haya kuanza, anasema mzazi aliyemfukuza mwana hana uso wa kumwita. Mimi nipo katikati yenu, nimechoka, na nawapenda wote wawili.

Kasoro moja nilikubakizia. Mtandao wa hili gemu hukatika ovyo. Jana nilikuwa na mapumziko, nimekaa pembeni ya mama nikimenya viazi, mnapigana vizuri tu, mara kioo kikaganda, ukatoweka, pakatokea maandishi. Akaniuliza yanasemaje. Nikamsomea: mpinzani wako ameondoka. Aliiweka padi mapajani, akasema safari hii hata hajakufukuza.

Nilikwenda jikoni, kaka. Viazi vile sikuvimaliza.

Sikuombi urudi wala uache kazi. Mpigie simu, nataka asikie sauti yako tu. Usimwambie kwamba unajua habari za gemu, atakufa kwa aibu. Mwulize miguu yake, mwulize anashona nini siku hizi. Na akianza kukugombeza, mwache akugombeze mpaka amalize.

Nisalimie wenzako wa ghalani, hasa yule mpishi wenu anayekubakizia ukoko. Majirani wote wanakusalimu, hata yule fundi viatu uliyemvunjia taa. Ila mama hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina za kukuletea. Zifuate mwenyewe.

Wasalamu,
Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kibiriti