Duara la Enoka

Jumatano, 29 Desemba 1976

Meli ya mabehewa imeingia leo kutoka Kisumu. Nikaacha sato jikoni, nikakimbia mpaka pale reli inapokata barabara ya bandarini. Kasmiri mshika bendera ananijua, ananiachiaga jiwe lake nikae.

Mabehewa yakatoka tumboni mwa meli, injini inayavuta taratibu. Na kila moja, chini, kwenye chuma juu ya gurudumu — alama ya mwanangu! Duara la chaki, katikati E. Enoka wangu ndiye anayegonga magurudumu kwa nyundo kule Kisumu kabla hayajapanda meli. Asipoweka chaki yake, behewa haliondoki. Awepo meneja, asiwepo — haliondoki! Likizo ya mwisho aliniambia, ukiiona hii mama, ujue nimelishika kwa mkono wangu, na mimi mzima. Si mtu wa barua. Chaki haikosi.

Getruda jirani yangu kapita na karai lake la dagaa. Eti kazi ya chaki hata yeye anaiweza. Nikamwambia haya, kaandike, tuone behewa gani litakusikiliza.

Alawi mpiga picha alikuja na ile kamera yake ya sinema, ya kuzungusha ufunguo. Nilimpa jogoo. Akayachukua mabehewa yakipita, na mimi pembeni naonyesha alama kwa kidole. Filamu inakwenda Nairobi kuoshwa. Ikirudi tunatundika shuka ukutani, mtaa mzima uje utazame!

Jumatatu, 17 Januari 1977

Mabehewa tena. Alama imebadilika! Pembeni ya duara lake sasa kuna kiduara kidogo, kimeshikana nalo. Kasmiri hajui maana yake. Mimi najua. Kapandishwa cheo! Askari si wanaongezewaga nyota? Nimemwambia Getruda. Nimewaambia kina mama bombani. Jana ningelijua ningetangaza na kanisani.

Pasaka anakuja. Hajasema, lakini mtu wa cheo hanyimwi likizo.

Filamu bado.

Nimesonga ugali mwingi tena. Mtu mmoja, sufuria la watu watano. Mkono haujazoea tu.

Jumamosi, 5 Februari 1977

Mji mzima ngoma na vigelegele, chama kipya kimezaliwa. Nilivaa kitenge changu kizuri nikaingia kwenye maandamano, lakini nilicheza kama mgonjwa. Redio ya dukani imesema mpaka wa Kenya umefungwa tangu jana.

Nikachomoka, nikaenda relini. Kasmiri kakaa peke yake, bendera kaikunja mapajani. Meli haiendi tena Kisumu. Mpaka lini? Akaniangalia. "Mama Enoka, mimi nashika bendera, sishiki serikali."

Behewa moja limebaki kwenye reli ya pembeni. Lilivunjika springi mwezi uliopita, likaachwa. Lina alama yake, ile ya cheo. Nimeigusa kidogo, pembeni, nisije nikaifuta.

Ngoma nilizisikia mpaka nyumbani.

Alhamisi, 24 Februari 1977

Alawi anasema filamu yetu iko Nairobi na haitoki. Nikamwomba basi aje alipige lile behewa picha ya kawaida. Filamu hana, dukani hakuna. Sabuni yenyewe hakuna, mama, filamu itoke wapi?

Mvua leo! Nilibandua bati la banda la kuku, nikakimbia nalo kichwani, nikaliegemeza kwenye behewa juu ya alama. Kuku watalala jikoni. Getruda akanikuta pale nimelowa. Nikasubiri kicheko chake. Hakucheka. Alikwenda akaleta mawe, tukalizuia bati.

Afadhali angecheka.

Jumapili, 13 Machi 1977

Lukas amekuja! Kijana wa Bunda, wa karakana moja na Enoka. Wafanyakazi wa kwetu wamerudishwa, amepitia Sirari na sanduku lake. Nilipomwona mlangoni nikatazama nyuma yake. Nyuma yake njia tupu.

Nilimpikia sato mzima. Nikamuuliza kwa maringo yangu, enhe, na bosi wako mwenye cheo anakuja lini?

"Cheo gani, mama?"

Kile kiduara!

Akaacha kula. "Hakukwambia? Kile si cheo, mama. Yule ni mtoto. Ana mke kule, Mjaluo. Binti alipozaliwa ndipo akaanza kuchora vile. Alisemaga, mama yangu akiona atajua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuja nao. Lori la kuwarudisha lilifika, anasema, wakamwambia Enoka yeye apande, mke na mtoto hawana karatasi za Tanzania. Alikuwa ameshakaa. Akashuka na sanduku lake.

Nikauliza mtoto anaitwa nani.

"Wankyo."

Jina langu! Tangu mume wangu afe hakuna mtu ameniita hivyo. Na mimi nimezunguka mji mzima na cheo, cheo. Mwanangu ananipa mjukuu, mimi naringia nyota.

Jumatatu, 14 Machi 1977

Niko relini, naandikia kwenye jiwe la Kasmiri. Springi imetengenezwa. Behewa linapelekwa Mwanza leo kwa meli. Nimeondoa bati. Duara lipo, kiduara kipo, E mvua imeilamba kidogo.

Nimemwambia Kasmiri mimi sasa ni bibi. Bibi wa nani? Wa huyu hapa. Akainama kutazama, akacheka, halafu akavua kofia.

Chaki nimeomba kwa mwalimu wa kisomo. Kasmiri anasema lakini mama, Mwanza siyo Kisumu. Najua! Nina darasa la nne la Bunda, ramani naijua. Ila mabehewa yanatembeaga. Wakifungua mpaka, hili litapanda meli, litafika kwake, na kabla hajagonga nyundo lazima ainame.

Sasa duara langu nilichore wapi? Nyuma ya Enoka? Au huku kwa mdogo, limshike, kama nimembeba?

Injini inarudi nyuma kuja kulichukua. Kasmiri kainua bendera, anapiga kelele, Mama Enoka, toka! Nakuja, nakuja — subiri kwanza nichore —