Zamu ya Kuteremka Nizwa

Jumatano, 7 Aprili 1999

Vipindi vitano leo. Koo limekauka, chaki mpaka kwenye kope. Saiq bado baridi, na mawaridi yameanza kuchumwa. Mji mzima unanuka moshi na marashi.

Leo zamu ya Zuwena kuteremka, kesho na Ijumaa hakuna skuli. Huku Saiq mlimani hazifiki gari ila pikapu, basi sisi walimu tunapokezana. Anayekwenda Nizwa, mjini kule chini, hubeba barua na mizigo ya wote. Ni amana hiyo. Mwaka wa tatu niko hapa, haijapotea hata barua moja.

Nimempa fomu yangu ya uhamisho, ndani ya bahasha. Nimeiandika mara tatu, sikutaka pafutwe hata pahala pamoja. Naomba Ibra kwetu, skuli iliyo nyuma ya nyumba ya Mama. Mwanangu Rahma anaanza darasa la kwanza Septemba. Nilimwacha ana miaka mitatu. Baba yake yuko Maskati na mke mwengine, hatuulizi. Mtoto anamwita bibi yake mama, mimi ananiita Asya. Nataka nimfundishe kuandika mwenyewe. Hilo tu.

Zuwena haombi mwaka huu. Ati hana nguvu ya kusumbuana na idara ya elimu. Fomu mwisho kupokelewa ni mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 10 Aprili

Zuwena karudi na pikapu ya mwanzo. Alifika mpaka Ibra, kaniletea vileja vya Mama. Fomu kasema kampa karani mkononi. Baada ya skuli nimelala mpaka magharibi.

Shoga yangu huyu. Mama zetu walikuja Oman kutoka Unguja katika safari moja, wote wawili wakakaa Ibra. Sisi chumba kimoja, sufuria moja. Nikiumwa, yeye ndiye wa kunipikia uji.

Jumanne, 25 Mei

Majina ya uhamisho hayajatoka. Zuwena hali chakula vizuri. Nikiitaja Ibra anatoka kwenda kuanua nguo, na nguo tushazianua. Namhurumia. Nikihamishwa atabaki peke yake. Nimemwambia birika langu la chai namwachia.

Jumanne, 8 Juni

Mudira, mwalimu wetu mkuu, kanipa ruhusa ya siku moja. Nimeteremka kuuliza mwenyewe. Zuwena alinizuia. Ngoja wiki, alisema, joto huko chini. Nilidhani ananionea huruma.

Pikapu alfajiri. Mbele mimi na bibi mmoja wa hapa na mbuzi wake miguuni. Nyuma magunia na wanaume. Ule mteremko wa changarawe siuzoei. Nilifumba macho, nikasoma Ayatul Kursi mara sijui ngapi. Mbuzi alinitafuna baibui.

Birkat al Mawz, chini ya mlima, nikangoja teksi saa nzima. Kiti cha nyuma nimekaa mimi, basi wanaume hawaingii, na dereva haondoki na viti vitupu. Mpaka akatokea mama mmoja na wanawe wawili. Tukaenda.

Nizwa. Watu huja kutoka Ulaya kuipiga picha ile ngome. Mimi naijua kwa kivuli chake. Teksi ikishaingia kivulini nateremka, idara hiyo pale.

Karani ni mzee, kazaliwa Unguja kama Mama. Shikamoo. Marahaba binti yangu. Kafungua jalada la Ibra, kapekua, kapekua tena. Kaniuliza kama nina hakika. Halafu kageuza jalada nione mwenyewe. Nafasi ilikuwa moja. Ombi kutoka Saiq lilikuwa moja. Mwandiko wa Zuwena. Tarehe 7 Aprili.

Bahasha yangu haikufika. Mzee alisema yarabi, binti yangu, muda umeshapita. Akaniagizia chai. Sikuweza kuinywa.

Kurudi juu sikufumba macho.

Jumatano, 9 Juni

Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu bahasha yangu iko wapi. Akafungua sanduku lake, akaitoa chini ya khanga. Imefungwa vilevile. Hakuichana. Miezi miwili nimelala hatua tatu kutoka hapo.

Kasema, "Wewe una mtoto, Asya, kila mtu atakuonea huruma. Mimi mwaka wa sita huku, nani ananiona?"

Hilo ndilo lililonikata. Kwa sababu ni kweli. Ana haki ya kuchoka. Hana haki ya bahasha yangu. Angeniambia naomba na mimi, tungeshindana, ningenuna wiki moja, yangekwisha. Badala yake kala vileja vya Mama huku anajua.

Namchukia. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikumchukia.

Jumatano, 16 Juni

Skuli imefungwa. Zuwena kateremka na masanduku mawili. Mimi naondoka kesho. Sikutaka kukaa naye gari moja.

Sikumwambia mtu, lakini huku mlimani habari haihitaji kuambiwa. Kapanda pikapu, kisha kama ada kauliza nani ana amana ya Nizwa. Walimu tisa pale nje, na wote huwa na barua. Hakuna aliyesogea. Dereva kawasha gari.

Birika langu kaliacha.

Jumamosi, 3 Julai

Ibra. Mama kasema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Halafu kasema nisimtie mtoto katika haya. Rahma kanionesha mkoba mpya wa skuli. Hataki mtu aushike.

Jumatano, 8 Septemba

Saiq. Chumba kizima changu. Mama kapiga simu skulini. Rahma kapangiwa darasa la mwalimu mpya, abla Zuwena. Nikamwambia Mama laini mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia.

Alhamisi, 23 Septemba

Zamu yangu. Pikapu, teksi, Nizwa nikagawa barua za wenzangu, halafu basi dogo kupitia Sinaw. Nimefika Ibra miguu imevimba.

Baada ya chakula Rahma kaleta daftari. Ukurasa mzima wa herufi ra ya Kiarabu. Mwanzo wa kila mstari pana ra ya mwalimu, kwa kalamu nyekundu. Mkia ule unaopinda juu naujua, miaka mitatu nimeuona kwenye ubao. Herufi za mwanangu zinapinda vilevile. Nzuri. Kamfundisha vizuri, siwezi kusema uongo.

Kaniambia abla humshika mkono wakati wa kuandika. Nikasema vyema.

Chini pana pahala pa mzazi kutia sahihi. Mama kanisogezea kalamu. Nikaandika jina langu taratibu, Rahma kaniegemea bega, anatazama.

Kasema, "Asya, kumbe na wewe unajua kuandika?"

Nikamwambia najua kidogo.