Kituo cha Mafuta cha Reli ya Chumba cha Nyuma

Mafiga, Morogoro

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hili nikaweka kalamu chini, kwa sababu tangu nijue kusema sijawahi kulitamka mbele yako nikakosa marahaba. Uniwie radhi iwapo utakutana humu na kile Kiswahili changu ulichokiita cha redioni. "Injinia, shuka kidogo na sisi tukusikie," ulizoea kunitania. Nikishuka leo nitalia, Baba. Niache nibaki huku huku juu.

Nianze na habari njema. Nimehitimu. Nilivaa joho, Mama akanivisha shada la maua na kupiga vigelegele peke yake mpaka watu wakageuka. Katika picha tuliyopiga kuna nafasi kati yangu na Mama, nafasi ya mtu mzima. Hakuna aliyetupanga hivyo. Tulisimama tu, na miguu yetu ikakuachia mahali.

Nimepata kazi pia, kwenye reli mpya ya umeme. Unakumbuka siku tulipokwenda kuitazama ile treni ikipita? Uliikodolea macho mpaka ikapotea, kisha ukasema, "Hii haina kiu. Mtu kama mimi ingemfanyia nini?" Ukacheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani ulitembea mbele yangu. Sasa binti wa mtu aliyenywesha dizeli vichwa vya treni maisha yake yote ameajiriwa na treni zisizokunywa. Nilitamani sana kuona ungelipokeaje jambo hilo. Nadhani ungenitania wiki nzima, kisha ungewaringishia majirani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baba, kile kituo cha mafuta kimekamilika.

Reli yako ndogo ya mfano bado imejaza chumba cha nyuma, kama ulivyoiacha. Milima ya Uluguru uliyoifinyanga kwa magazeti na gundi ya unga wa muhogo imepata ufa mmoja tu. Reli za spoku za baiskeli hazijashika kutu. Kichwa cha treni ulichokichonga kwa mninga na kukitia mota ya redio ya kaseti bado kinapanda mlima kwa kulalamika. Stesheni ipo, daraja lipo, hata mama wa maandazi wa Msamvu yupo na beseni lake la kifuniko cha soda. Palipobaki wazi ni pale karibu na stesheni, ulipochora mraba kwa penseli. Hapo ndipo pangekaa kazini kwako, kituo cha kujazia treni mafuta. Nilikuuliza kwa nini unajenga kazi za watu wote unaiacha yako, nawe ukajibu, "Hiyo tutaijenga wawili, ukimaliza chuo. Wewe utachora, mimi nitakukosoa."

Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja ulipolazwa.

Najua unakumbuka utani wako wa wodini, maana hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliukariri. Nesi alipokutundikia dripu uliutazama ule mpira ukishuka mpaka mkononi mwako, ukasema, "Zuhura, leo mimi ndiye kichwa cha treni. Najazwa." Kisha ukamgeukia nesi: "Sista, mkimaliza nao nipeni. Unene huo huo ndio nilioutafuta mjini kwa ajili ya reli yangu nikaukosa." Naye akajibu, "Mzee, mpira huu ukishatumika tunauchoma. Wewe pona kwanza, habari za treni baadaye." Mlibishana hivyo kila asubuhi. Siku tuliyokuja kuuchukua mwili wako, Baba, yule nesi alinifuata hadi mlangoni akaniwekea kiganjani mpira mpya, bado umo kwenye pakiti yake. "Alinisumbua sana," akasema, akageuka haraka.

Nilikusudia kuanza ujenzi nikishatulia. Shangazi Mwanahawa hakunipa nafasi hiyo. Dada yako alishuka kutoka mlimani kwa mazishi, na kabla ya kupanda tena alitukumbusha ya kwenu: Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo jina lako na kazi za mikono yako zitakwenda kwa mpwa wako. Mpwa wenyewe ni Shabani, mwanawe. Siku ya arobaini angevishwa jina lako na kuhesabika kuwa ndiye wewe, na reli ingepanda naye mlimani. Mama, ambaye ni Mgogo na amezoea kunyamaza mbele ya mambo ya ukoo wenu, alisema tu kwamba haitapita mlangoni. Ni kweli, uliijengea humo humo ndani bila kupima mlango, na Mama alikucheka kwa hilo miaka yote. Shangazi akapima kwa mikono yake, akasema bila ubaya wowote, "Basi itakatwa. Msumeno tunao."

Ndipo nilipoamua kwamba kama ni kukatwa, ikatwe ikiwa imetimia.

Nilichora kwa vipimo sahihi, nikaisahihisha michoro yangu kwa kalamu nyekundu kama ambavyo ungefanya. Matangi ni makopo ya nyanya, nimeyalaza juu ya vitako vya matofali ya udongo niliyoyakata kwa wembe. Nimeyazungushia ukuta mfupi ili tangi likivuja mafuta yasikimbilie stesheni. Kati ya reli nimetandika bati la kukinga matone. Pembeni nimesimamisha mnara wa mchanga, ule unaomwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze mvua ikinyesha mlimani. Mchanga wenyewe nimeuchota mtoni na kuuchekecha kwa kitambaa cha kilemba chako. Na kwenye nguzo ya kujazia nimefunga mpira wa dripu, nikaupaka rangi nyeusi. Nilipoupaka rangi ilichuruzika, ikaharibu kidogo upande wa chini. Sikurekebisha. Ungenikosoa hapo, nami nilitaka pawepo mahali pa kukosolewa.

Arobaini ikafika. Baada ya dua wazee wa ukoo walimkalisha Shabani kwenye mkeka, wakamvisha kanzu yako na kofia yako, wakamwita kwa jina lako, Kibwana. Shabani, Baba! Binamu na mtani wangu, aliyekuwa akiniita "mke wangu" sokoni mbele ya wateja wake wa ndizi, nami nikimwambia aoge kwanza ndipo alete posa. Shangazi akaniambia, "Haya, mwamkie baba yako."

Nilipiga magoti. "Shikamoo, Baba."

Niliutafuta utani machoni mwake sikuuona. "Marahaba, mwanangu," akajibu. Neno nililolikosa tangu ufe lilikuwa limerudi, nalo halikuwa lako. Kwa dakika ile nilimchukia. Halafu nikaona mikono ya kanzu ilivyompita vidole, nikamhurumia, na nikajihurumia mimi pia, kwani nilikuwa nimepoteza mtani juu ya kupoteza baba.

Wakaingia chumba cha nyuma na msumeno. Shabani alisimama mbele ya kituo cha mafuta, akaugusa ule mpira. "Na huu?" Nikamweleza ulikotoka. Aliufuata kwa kidole, juu hadi chini, mpaka Shangazi akachoka kungoja.

"Haya Kibwana, tukate wapi?"

"Dada," akasema. Kumbuka anamwita mama yake mzazi. "Hii reli kaijenga nani?"

Shangazi alishtuka. "Si ni wewe, Kibwana!"

"Nimeijenga katika nyumba gani?"

"Hii hii."

"Basi mimi sijasema nahama. Itabaki hapa hapa, binti yangu ataitunza."

Wazee walitazamana. Mmoja akaguna, "Huyu kaanza kazi mapema," wakacheka. Lakini hakuna aliyembishia, maana jina walikuwa wamempa wenyewe. Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chako akajifunika uso kwa khanga. Baadaye aliniambia hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimjibu tangu utotoni, kwa maswali, mpaka ashindwe.

Kwa hiyo reli ipo, Baba. Nzima. Imebaki kazi moja ambayo nimeshindwa kuifanya hadi leo.

Nilipokuwa mdogo na kukuletea chakula kazini, nilikuona ukimaliza kujaza: unafungua mpira, unakaza kifuniko, kisha unakipiga kichwa cha treni ubavuni kwa kiganja, mara mbili. Dereva akisikia anajua ameruhusiwa kwenda. Siku ile ya mwisho wodini, dripu ilipoisha, uliinua mkono ukapiga chuma cha kitanda, mara mbili. Nilidhani unamwita nesi. Nilikimbia kumwita. Niliporudi ulikuwa umekwenda.

Tangu kituo kikamilike, kichwa chako cha mninga kimesimama pale kwenye mpira. Mama anapita, anakitazama, anakifuta vumbi. Ninaogopa kukipiga, Baba. Nikikipiga, nitakuwa nimekuruhusu.

Lakini kesho naanza kazi, na sitaki kuondoka nikiwa nimekuzuia stesheni. Nakuahidi nitawafundisha wanangu reli hii, nao wataijua kuwa ni ya babu yao Kibwana, wa kwanza na wa pili. Shabani nitaendelea kumwamkia kwa adabu zote, hata siku nikisikia hamu ya kumtania. Na kila nitakaporudi Mafiga nitakijaza hiki kichwa kabla sijavua viatu.

Nimefungua mpira. Nimekaza kifuniko. Mkono wangu uko ubavuni mwake sasa, naandika kwa mkono mwingine, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mara moja.

Mara mbili.

Nenda salama, Baba.

Bintiyo,
Zuhura