Buti za Mwanao Hotelini

Kahama

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umetulia na mvua za huko Mbozi zimeikubali kahawa. Sisi hapa tu wazima. Mjukuu wako Tumaini ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno linatoka na upepo. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana simu yako huwa unaiweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia. Haya ninayoandika soma mwenyewe.

Mama, mwanao amenichosha. Nakwambia wewe kwa sababu ndiye uliyemzaa.

Unajua tangu tuoane hatujawahi kwenda popote pamoja isipokuwa misibani. Akitoka mgodini analala, akiamka anarudi. Safari hii likizo ilipofika akasema twende Mwanza tupumzike, tulale gesti ya kawaida, ila jioni tukale kwenye hoteli kubwa ya kando ya ziwa. Nilifurahi, lakini nilikuwa na langu moyoni. Likizo ikiisha anatakiwa ajibu kama anaendelea na mkataba mpya wa chini ya ardhi au anaacha. Nilitaka tukishashiba, hakuna zamu inayomwita, nimwombe aache turudi nyumbani.

Nilipopiga kuomba meza wakaniambia mavazi ya jioni yawe nadhifu, kaptula na ndala hawapokei. Basi hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Nadhifu ya nani? Mama Kabula, mama mwenye nyumba wetu, akaniambia, "Gashi, kumbe! Unaenda kwa matajiri halafu uvae kigauni cha kanisani? Vaa lile la sendofu, wajue umefika!" Msusi wangu akasema matajiri siku hizi hawajali, nivae jinzi tu. Nikamsikiliza Mama Kabula. Gauni lenyewe ni lile nililovaa siku ya kuagwa kwetu kabla ya harusi, la kumeremeta, mabega yamevimba mpaka karibu na masikio, na chini visigino virefu.

Mwanao yeye hakuuliza mtu. Alitoa buti mpya za mgodini, zile nyeusi zenye chuma puani, akazipaka dawa mpaka zikang'aa, akavaa na shati jeupe na suruali ya harusi yetu. Nikamwambia, "Baba Tumaini, hizo si za kazi?" Akasema, "Kuna viatu vizuri kuliko hivi?" Na kweli huku kwetu hakuna wa kumcheka. Mwanamume akipita sokoni na buti mpya za mgodi, mwenye duka anamwita bosi na kumvutia kiti. Harusini wenye buti hizo wanakaa mbele. Nikaendelea kuhangaika na mabega yangu.

Pale hotelini mlangoni wameweka ile mashine ya kupita katikati, inayolia ikikuta chuma. Mimi nikapita. Mwanao akapita, ikalia.

Mama, sijui nikuandikie vipi. Mlinzi hakuwa amefungua hata mdomo. Mwanao akasogea pembeni, akafungua mkanda, akavua buti, akazipindua na kuzikung'uta chini. Akavua soksi akazigeuza nje ndani. Kisha akainua mikono, akapanua mdomo, akanyanyua ulimi, akaanza kugeuka polepole. Nyuma yetu kulikuwa na familia imekuja likizo kutoka Dar, mtoto wao akacheka, mama yake akamziba mdomo. Mlinzi mwenyewe aliona haya. Akasema, "Kaka, vaa viatu vyako. Hapa hatukagui hivyo."

Ndivyo wanavyokaguliwa mgodini kila zamu inapotoka, asije mtu akatoka na dhahabu. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusikia tu. Sikuwahi kuliona.

Ndani, kwenye bustani ya kando ya ziwa wanakolia chakula, wanawake walivaa magauni mepesi ya rangi moja, viatu vya chini, mtandio begani kwa ajili ya upepo wa ziwa. Mimi visigino vilizama kwenye nyasi, na kila taa ikiniangukia nameta peke yangu. Mwambie wifi Anna, siku akialikwa mahali kama pale, avae gauni lake la kawaida lililopigwa pasi vizuri na raba zake azipumzishe. Asimsikilize mtu. Lakini siku ile hata gauni sikulijali tena. Samaki wetu, sato, aliletwa mzima, nikamtazama tu. Nikamuuliza mwanao, "Kwa nini umefanya vile mbele za watu?" Akaacha kutafuna, akaniuliza, "Nimefanya nini?"

Hakuwa anajifanya. Hakujua.

Nilikasirika, Mama, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani. Niliyopanga kumwambia yote yakanikwama. Tukarudi gesti.

Kesho yake nikamburuta mpaka sokoni nikamchagulia moka za ngozi, laini, hazina hata pini ya chuma. Mimi nikavaa kile kigauni cha kanisani. Nikasema twende tena, tukanywe hata chai, siwezi kuondoka Mwanza na aibu ile. Alilalamika njia nzima kwamba moka ni viatu vya walimu. Tukafika mlangoni. Akapita, mashine ikakaa kimya. Nikageuka nimwambie unaona sasa, nikamkuta amesimama vilevile, mikono juu, anasubiri aambiwe aende.

Nikamshusha mikono mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Chai ilipoletwa nikamwomba. Nikamwambia aache, turudi Mbozi. Unajua alichonijibu? Kwamba siku anaondoka ulimshika mkono stendi ukamwambia asirudi kushika jembe kama baba yake. Kwamba akirudi atakutazamaje. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Nimembembeleza, nimenuna, nimelia, hasikii. Neno lako, Mama, linanishinda nguvu, na mimi nimechoka kushindana nalo.

Najua ulilisema kwa mapenzi. Paa lako limeezekwa, wifi amemaliza shule. Sasa naomba ulichukue neno lako. Mimi siwezi kumwondolea, sikumpa mimi.

Kwenye mfuko huu niliompa kondakta wa basi kuna lile gauni la sendofu, mpe wifi Anna, akitoa mabega litamfaa. Nisalimie Baba, mwambie tumbaku yake iko chini kabisa, imefungwa kwenye gazeti. Nisalimie na shemeji Yona fundi baiskeli, na mama mchungaji aliyetufungisha safari kwa maombi.

Likizo inaisha Jumapili. Mpigie mwanao kabla ya hapo, na usimpigie jioni akiwa na wenzake. Mpigie asubuhi, angali amelala, mikono yake iko chini.

Mkweo anayekupenda,
Mama Tumaini