Watoto Saba wa Kiume wa Ukoo wa Mbuke

KAMATI YA SUNGUSUNGU, KIJIJI CHA MWANHEMBO, WILAYA YA KAHAMA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO NA. 4/87 KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 11 APRILI 1987, KATIKA DARASA LA TATU, SHULE YA MSINGI

WALIOHUDHURIA
Nd. Marcelino, Mwenyekiti
Nd. Mageni, Kamanda wa Sungusungu
Bi. Coletha, Mjumbe
Nd. Donatus, Mjumbe (pia mlalamikaji)
Mwl. Gelasius, Katibu

WALIOALIKWA
Nd. Otmar, mtaalamu wa maabara, hospitali ya misheni
Bi. Mbuke, mlalamikiwa
Bi. Nyamizi, binti wa mlalamikiwa na mke wa mlalamikaji, pamoja na mtoto wake wa miezi kumi na moja

ASIYEHUDHURIA
Nd. Makoye, Mjumbe, mwana wa Bi. Mbuke. Alituma taarifa kwamba hawezi kukaa na watu waliomfukuza mama yake.

KUMB. NA. 4/1/87: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilipangwa kuanza saa 2.00 asubuhi, kikaanza saa 3.40 kwa sababu ya jambo ambalo Kamati haikulifikiria. Kikao kilichopita kiliamua Bi. Mbuke atengwe, kisha ahame kijiji kabla ya mavuno ya mtama, kwa kosa la kuwaua watoto kwa uchawi. Kwa amri hiyo mtu yeyote wa Mwanhembo akimsalimia, akimpa moto au akiteka maji pamoja naye, anatozwa mbuzi. Leo Kamati ilitakiwa kumhoji, na hapakuwa na mjumbe aliyekuwa tayari kutoa mbuzi.

Mwenyekiti alipendekeza maswali yaelekezwe kwenye ubao. Bi. Coletha alisema yeye ni mtu mzima na hawezi kuzungumza na ubao. Wakati hayo yakijadiliwa Nd. Otmar aliingia, akaegemeza baiskeli yake dirishani, akamwona mama mzee ameketi peke yake kwenye dawati la nyuma. Akamwendea, akainama na kusema, “Shikamoo, mayu,” yaani mama. Bi. Mbuke akaitikia marahaba. Ilikuwa salamu yake ya kwanza kwa siku kumi na moja. Kwa kuwa Nd. Otmar si mkazi wa kijiji, ilikubaliwa kwamba maswali yote yapitie kwake.

KUMB. NA. 4/2/87: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO NA. 3/87
Katibu alisoma kumbukumbu hizo. Alipofika mahali palipoandikwa “watoto saba wa ukoo huo wamekufa”, Bi. Mbuke aliinua mkono na kusema, kupitia kwa Nd. Otmar, kwamba maneno yamepungua. Siku ile alisema watoto saba wa kiume.

Mwenyekiti alimtaka Katibu ajibu. Katibu alieleza kwamba karatasi ilikuwa imekaribia kwisha, na wakati ule aliona watoto ni watoto. Nd. Donatus alisema mkwewe anapoteza muda wa kikao kwa maneno mawili, na wafu ni wale wale. Nd. Otmar aliomba asichukuliwe vibaya, lakini kwa maneno hayo mawili tu angepanda baiskeli kutoka hospitali mara ya pili. Aliomba mama aachwe aseme yote.

KUMB. NA. 4/3/87: MAELEZO YA BI. MBUKE
Bi. Mbuke hajui kusoma. Alisimama akaeleza uzao wa mama yake mpaka wajukuu bila kurudia jina wala kusita, huku Nd. Otmar akichora ubaoni, duara kwa mwanamke na mraba kwa mwanamume. Chaki ilimwishia mara mbili.

Waliokufa ni kaka zake wawili, mwanawe mmoja, watoto wawili wa binti yake Justina aliyeolewa Nkome, na watoto wawili wa Nyamizi. Wote walizaliwa na afya. Alisema, “Mpaka wanaota meno ni wazima. Halafu masikio yanatoa usaha, kifua kinabana, wanapona, wanaugua tena.” Hakuna aliyefikisha miaka sita. Wasichana wa ukoo ni tisa na wote wako hai.

Kamanda Mageni alisema hilo linathibitisha tu kwamba mchawi huyu anachagua. Bi. Coletha aliuliza inakuwaje amefika Nkome kwa Justina, mahali asikowahi kukanyaga, akawaacha wavulana wanne wa Makoye wanaolala ng'ambo ya ua wake na kuchunga ng'ombe kila siku. Kamanda alijibu kwamba mchawi hahitaji nauli. Bi. Coletha alisema ndiyo maana anauliza kwa nini apite nyumba ya jirani. Mwenyekiti aliomba utulivu, ingawa hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Ifahamike kwamba kufikia hapo wajumbe watatu, akiwemo Mwenyekiti, walikuwa wanamwuliza Bi. Mbuke moja kwa moja. Hakuna aliyetozwa mbuzi.

KUMB. NA. 4/4/87: MAELEZO YA NDUGU OTMAR
Nd. Otmar alieleza kwamba damu ya mtoto wa Nyamizi, mvulana ambaye naye ameanza kuugua, ilipelekwa Mwanza, na majibu yameonyesha kwamba protini za kinga, zile ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, karibu hazipo kabisa. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni, nayo huisha baada ya miezi kadhaa. Aligusa mchoro ubaoni na kusema kwamba mama huyu alikuwa ameliona jambo hilo kabla ya maabara.

Kamanda aliuliza kwa nini mwili wa mtoto usitengeneze za kwake. Nd. Otmar alimwuliza yeye hufanya nini ng'ombe wakiibiwa. Kamanda alijibu kwamba hupigwa mwano, yaani yowe la hatari, na kijiji kinachosikia hukipigia kinachofuata mpaka watu wote wametoka na mikuki. Nd. Otmar alisema chembe nyeupe za damu nazo hufanya hivyo. Habari inagonga ukuta wa chembe kwa nje. Ndani ya ukuta kuna mpokezi, kimeng'enya chenye kazi moja, kupachika alama ndogo ya fosfati mahali paitwapo tairosini kwenye protini iliyo jirani. Ile iliyopachikwa inaamka na kuiamsha inayofuata, mpaka kiini cha chembe kinapata habari na chembe inakua na kuzaana. Mpokezi akikosekana, yowe linaishia mlangoni.

Alisema wazi kwamba wapokezi wa aina hiyo wameonekana kwenye chembe nyeupe katika miaka hii michache tu, na amesoma habari zao kwenye jarida aliloazimwa na daktari. Kwa ugonjwa wa mtoto huyu, wataalamu wanajua kwamba chembe zinazotengeneza kinga hazikui na kwamba wavulana hurithi kupitia kwa mama. Nani hasa anakosekana ndani ya chembe bado hawajui. Yeye anahisi tu ni mmoja wa wapokezi hao. Katibu amefundisha miaka kumi na tisa na hajasikia mtu akisema “sijui” kwa heshima namna ile.

Nd. Donatus aliuliza mbona wasichana wanapona. Ilielezwa kwamba msichana hupewa maelekezo ya kazi hiyo mara mbili, kwa baba na kwa mama, hivyo moja likiharibika lipo la pili. Mvulana hupewa la mama peke yake; Makoye alibahatika kupata lile zima la mama yake, na wanawe wamepewa la mama yao.

Hapo Bi. Mbuke alisimama tena. “Kwa hiyo limetoka kwangu,” alisema.

Nd. Otmar aliweka chaki chini. “Limepita kwako, mayu, kama lilivyopita kwa mama yako. Hukulitengeneza, na hakuna aliyekuuliza.”

Bi. Mbuke aliketi. Nyamizi alihama dawati la mumewe, akaenda kukaa na mama yake, akampakatisha mtoto. 

KUMB. NA. 4/5/87: MATIBABU
Nd. Otmar alisema kinga anayoikosa mtoto inapatikana kwa sindano, kutokana na damu ya watu wengine. Haimponyi, ila humlinda, na lazima achomwe kila mwezi bila kuruka. Hospitali inaweza kuileta hadi Runzewe ndani ya kasha la barafu. Kutoka Runzewe hadi Mwanhembo hakuna gari, na barafu haivumilii mtu mmoja mwenye baiskeli moja.

Kamanda Mageni alisema mwano wa Runzewe hufika Mwanhembo kabla mtu hajamaliza kula. Vijiji vilivyoko njiani ni vitano na kila kimoja kina vijana wa zamu wenye baiskeli. Kasha lipokewe kijiji kwa kijiji, na atakayelichelewesha atajibu kwake. Katibu anakiri kwamba hakuwahi kumpenda Kamanda, na leo alimpenda.

KUMB. NA. 4/6/87: MAAZIMIO
(a) Amri ya kumtenga na kumhamisha Bi. Mbuke imefutwa.
(b) Kasha litapokelewa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kuanzia Mei, chini ya Kamanda. Muuguzi wa zahanati atachoma sindano.
(c) Justina wa Nkome, ambaye ni mjamzito tena, apelekewe habari kabla hajajifungua. Nd. Donatus aliomba aende mwenyewe.
(d) Kumbukumbu Na. 3/87 zisahihishwe na kusomeka “watoto saba wa kiume”. Kosa ni la Katibu. Kama angeandika alichosikia, huenda mama huyu asingekaa siku kumi na moja bila moto wa jirani.

Kwa desturi, aliyetangaza kutenga ndiye hutengua. Kamanda Mageni alitoka mbele, akavua kofia na kumpa Bi. Mbuke shikamoo. Mama huyo alimwangalia mpaka wajumbe wakaanza kutazama sakafu, ndipo akaitikia marahaba.

KUMB. NA. 4/7/87: MENGINEYO
Katibu alisoma marekebisho kwa sauti. Bi. Mbuke alisema sasa ni sawa, ila saba ni hesabu tu, yaandikwe majina. Mwenyekiti aliuliza kama karatasi ipo. Katibu alisema ipo.

Ndaki. Luhende. Salu. Tito. Wilbroad. Mhoja. Lukas.

Katibu aliuliza kama aongeze la mtoto aliyepakatwa. Bi. Mbuke alisema hilo asiliandike.

Kikao kilifungwa saa 7.15 mchana.

Marcelino .......................... Mwenyekiti
Gelasius .......................... Katibu